Kilima cha Taka Hakina Mizizi

"Kilima cha taka hakina mizizi." Mmemsikia mjomba wenu akimsema hivyo yule jirani aliyejitapa kwa cheo cha kubebwa, mkacheka, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Wengi watawaambia ni ya Bibi Subilaga, Mungu amlaze pema. Si yake hata kidogo. Kaeni niwaambie methali hii ilivyoanza, maana nilikuwepo.

Subilaga alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini kabisa ya dampo la mji. Taka zilimwagwa pale tangu sijazaliwa, gari baada ya gari, hadi watu wakaacha kuliita dampo, wakaliita Kilima Kipya. Shangazi alichimba mboji chini ya kilima hicho akawauzia wenye migomba. Ilikuwa mboji nzuri, nyeusi. Lakini kila alipopiga jembe, alikuwa anakikata miguu kilima kilichomwinamia.

Mimi wakati huo nilikuwa mjiolojia kijana. Nchi yetu hutikisika, mnajua wenyewe; vyombo hulia kabatini, kisha hunyamaza. Halmashauri ikanituma nikapime: tetemeko kubwa likija, dampo lile litakuwaje? Nikapima mteremko, nikachimba mashimo, nikaona maji yakitoka ubavuni mwa taka kama jasho. Kilima kilikuwa kimesimama kwa sababu tu hakuna aliyekisukuma. Nikashauri uchimbaji ukome na watu wa bondeni wahame haraka. Kwa bahati nikasikilizwa, viwanja vikatengwa ng'ambo ya mto. Watu wa bondeni wakasema, "Subilaga akihama, nasi tutahama."

Basi kazi ikabaki kwa Subilaga. Ee Mungu wangu!

Nilimweleza habari ya maji, akasema maji ni baraka. Nilirundika pumba kwenye sinia nikalitikisa, zikamwagika zote. Akaniambia nifagie. Siku moja nikamkuta tena na jembe lake palepale.

"Shangazi, si nilikuomba usichimbe hapa?"

"Nimesogea. Jana nilikuwa pale."

"Pale na hapa ni kilima kilekile!"

"Wewe mtoto, hebu tazama juu. Unaona nini?"

"Mipapai."

"Mipapai imeota, nyasi zimeota, ndege wamejenga. Kitu kilichoota mipapai si taka tena, ni ardhi. Na ardhi aliiweka Mungu."

"Hii imewekwa na magari ya taka, shangazi!" Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. "Mipapai ina mizizi, kilima hakina! Kilima cha taka hakina mizizi!"

Akaniangalia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nenda ukale. Njaa inakupandisha hasira."

Sikwenda kula. Nilikwenda kuchukua godoro langu, nikarudi nalo kichwani, nikalitandika sebuleni kwake.

"Unafanya nini?"

"Nahamia. Tetemeko likija litufukie wote, baba azike mara moja."

Alisugua sufuria moja hata nikadhani itatoboka. Kisha akauliza bila kugeuka, "Baba yako ana mtoto mwingine?"

"Unajua hana."

Asubuhi nilimkuta akifunga mizigo. "Usidhani nakiogopa kilima chako," akasema. "Nahama kwa sababu unakoroma." Majirani walipoona jiko lake linavuka mto, nao wakaanza kung'oa mabati.

Masika ya mwaka uleule, adhuhuri, tetemeko likaja. Tulitoka nje mbio, tukasimama ng'ambo. Kilima hakikuanguka kama jiwe. Kilitiririka kama uji uliofurika sufuria. Mipapai ikateremka imesimama wima, kana kwamba inatembea, ikapita juu ya nyumba ya shangazi. Nyumba haikuonekana tena. Mzee Mwaipaja, jirani wa shangazi, alipoteza nguruwe aliokuwa hajawahamisha, akalia kama mtoto. Lakini mtu hakufa hata mmoja. Shangazi alinishika mkono akaukaza hadi ukauma. Hakusema neno.

Laiti angeendelea kunyamaza! Siku chache baadaye nilimkuta sokoni, watu wamemzunguka, yeye katikati anapunga mkono.

"Niliwaambia siku zote! Kilima cha taka hakina mizizi!" Akaniona. "Au nasema uongo, mwanangu?"

Soko zima likanigeukia. Ningefanya nini? Nikajibu, "Ni kweli, shangazi."

Ndivyo ilivyoenea. Wakaanza kumwambia hivyo kila aliyerundika sifa, cheo au urafiki usio na kitu chini yake, akadhani mipapai ya juu itamshikilia siku ya kutikisika. Wakiwaambia ni maneno ya Subilaga, msibishane nao. Mimi nilibishana nikachoka. Ninyi shikeni maneno yenyewe: kilima cha taka hakina mizizi.