Mikono Yenye Masikio

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na mashemeji wenye maneno mengi, palikuwa na mkwezi mmoja wa minazi, Nyani Mwarandu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, usikilize.

Mwarandu alikuwa na kifua kipana na mikono mirefu, na aliringia hiyo mikono kupita kiasi. Wakwezi wenzake walifunga kitanzi cha kamba miguuni na kukanyaga vidato, yale mapengo yanayochongwa kwenye shina ili mguu upate pa kukaa. Yeye hakutaka. Alilikumbatia shina na kujivuta kwa mikono mitupu, hrrp! hrrp! hrrp! mpaka juu.

"Vidato ni vya wazee," alisema.

Miaka saba aliangua nazi za Bi Sidi, Kiboko mwenye shamba kubwa kuliko yote, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Mwaka wa nane Bi Sidi akawa anamwoza binti yake. Nazi zikatakiwa za wali, za mbaazi, za mchuzi wa kuku, zote kwa mara moja.

Mwarandu akaanza asubuhi. Mnazi wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Wa kumi, yuko nusu ya safari, mara kakaka! Misuli ya mikono ikakaza. Vidole vikajikunja, havifunguki. Kupanda hawezi, kushuka hawezi.

"Mwarandu!" Bi Sidi aliita kutoka chini. "Unafanya nini huko?"

"Na... natazama shamba, Bi Sidi! Zuri kweli!"

Srrrrrrr! Puu! Akafika chini kwa makalio, manyoya ya tumbo yamebaki kwenye shina.

Bi Sidi hakucheka. Alikuwa na harusi kichwani. "Imebaki minazi kumi na miwili," alisema. "Kesho jua likizama iwe imekwisha. Isipokwisha natafuta mkwezi mwingine, na kazi ya shamba hili ni yake tangu siku hiyo."

Mwarandu akarudi nyumbani mikono inaning'inia. Miaka saba alikuwa akipanda hivyo hivyo, na mikono ilikuwa ile ile. Sasa imepatwa na nini? Alijiuliza njia nzima, asipate jibu.

Mkewe, Mama Karisa, alimkalisha kwenye mkeka, akamkanda kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

"Baba Karisa," alisema, "mikono si ya kubeba mwili mzima. Funga kitanzi, kanyaga vidato, miguu ndiyo ikusukume. Kila vidato vitano simama, teremsha mkono mmoja uukung'ute, kisha na wa pili. Na ukishuka, kunywa maji yenye chembe ya chumvi kabla hujapanda tena. Jasho limekukausha."

"Mama Karisa, wewe umekwea mnazi lini?"

"Baba yangu alikwea mpaka akaota mvi."

"Haya, ugali uko tayari?"

Mama Karisa akaenda kupakua ugali, ingawa iliuma. Juu ya paa la makuti kitu kikachakura, kwaru kwaru kwaru. Akadhani ni panya.

Asubuhi Mwarandu akaenda shambani na hofu yake. Juu ya ua wa shamba alikaa Kindi Kadzo, mdogo, mkia juu, anatafuna kitu.

"Shikamoo, mjomba Mwarandu. Pole. Nimesikia mikono yako inakusengenya."

"Marahaba. Inanisengenya?"

"Nilipita jana ukiwa juu. Mkono wa kulia ulikuwa unamwambia wa kushoto, akikwea tena huyu, tunagoma."

Mwarandu akautazama mkono wa kulia. Mkono ukakaa kimya.

"Mbona mimi sisikii?"

"Ukisikiliza inanyamaza. Lo, mjomba! Mikono yako ina masikio. Ikijua inapelekwa kukwea, inakaza."

Nyani akakuna kichwa, halafu akauogopa ule mkono uliokuwa ukikikuna. "Sasa nifanyeje?" alinong'ona.

"Idanganye. Funga kitanzi, kanyaga vidato, kazi waachie miguu. Mikono ishike shina kidogo tu, idhani unatembea. Kila vidato vitano, teremsha mmoja uukung'ute, kama unampungia mtu kwaheri. Mkono utadhani safari imekwisha. Kisha na wa pili, ili nao usione wivu."

"Ahaa," alisema Mwarandu, ambaye hakuelewa.

"Ukishuka, maji yenye chembe ya chumvi."

"Chumvi? Kwani mikono ina mdomo pia?"

"Mjomba, unataka dawa au unataka maswali?"

"Dawa, dawa!"

"Basi sikiliza lililo kubwa." Kadzo akaangaza kulia na kushoto. "Kila mnazi una dafu moja la mkwezi, sivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Katika kila mnazi mkwezi alichukua dafu moja, na madafu hayo Mwarandu aliwapelekea watoto.

"Dafu hilo litupe huku nje ya ua. Mikono ikisikia puu! huku, itadhani kazi iko huku."

Jambo hilo lilimzunguka Mwarandu kichwani kama nzi. Lakini jua lilikuwa linapanda na minazi ilikuwa kumi na miwili. Akafunga kitanzi.

Vidato vitano. Akasimama, akakung'uta mkono wa kulia.

"Mwarandu!" Bi Sidi aliita. "Unampungia nani?"

"Naaga, Bi Sidi!"

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote!"

Bi Sidi akageuka kuona anayeagwa, hakuna. Kisha, kwa adabu tu, naye akapunga.

Mwarandu akafika juu. Hrrp moja hakutoa. Akaangua nazi, pu! pu! pu! Dafu la mkwezi akalirusha nje ya ua, puu! Akashuka, akanywa maji yake ya chumvi, akangoja maumivu. Hayakuja. Akakwea wa pili. Hayakuja. Wa sita, wa tisa, mikono inacheka tu. Alifurahi, lakini alizidi kuchanganyikiwa. Ni kitanzi? Ni chumvi? Au ni ile puu?

Mnazi wa kumi na mbili ukaisha jua lingali juu ya miti.

"Kazi ya shamba ni yako tena," alisema Bi Sidi. "Ila kuaga kwako bado sijakuelewa."

"Hata mimi," alijibu Mwarandu.

Akaenda nyumbani mbio, anapiga mluzi. Watoto wakamkimbilia, wakatazama mikono yake, haina kitu.

"Madafu ya watoto yako wapi?" aliuliza Mama Karisa.

"Achana na madafu! Nimepata siri kubwa, siri ya Kindi!" Akaisimulia yote, kitanzi, vidato, kukung'uta mkono, maji ya chumvi. Mama Karisa alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Baba Karisa, jana ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa. Kwenye mkeka."

"Na mimi nilikuwa nazungumza na nani?"

Mwarandu akautazama mkeka. Akaitazama chupa ya mafuta. Polepole, maneno ya jana yakamrudia, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mkewe. Aibu ikamshika mpaka mkiani.

Juu ya paa, kwaru kwaru kwaru. Akatoka nje mbio. Kadzo alikuwa amekaa kwenye makuti, kidevu kinadondoka maji ya dafu.

"Kadzo! Yote yale ni maneno ya mke wangu!"

"Ndiyo, mjomba. Nami nimekurudishia yote, sikula hata moja."

"Na ile puu ya dafu?"

"Ah, hiyo? Hiyo ndiyo niliyoongeza mimi."

Kadzo akaruka, chap! akapotea kwenye matawi. Mwarandu akabaki uani na watoto wake wenye kiu, mikono yake mizima, ameiweka juu ya masikio yake yasiyosikia.

Basi, watoto wangu, ukidharau ushauri unaopewa bure nyumbani, utaununua huo huo njiani.