Mafuta ya Minyaa

Hapo zamani, tena si zamani sana, ukame uliipiga Kirindi, kijiji cha tambarare za Upare. Kisima kilikuwa na maji, lakini chini mno, na pampu ililala kwa kukosa dizeli. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Mwenyekiti akatangaza, "Atakayeiamsha pampu, shamba la kando ya kisima ni lake."

Nakunda, mjane asiye na ardhi, alikuwa akichoma mkaa wa minyaa, mmea usiojua kiangazi, ndani ya chungu kilichofunikwa. Alipofunua, kifuniko kilitona matone meusi. Akayasogeza motoni, yakawaka. Moyo ukamwenda mbio, nayo miguu ikaufuata hadi kwa Senzia mhunzi.

"Kaka Senzia, moshi wa mnyaa una mafuta. Nitengenezee chungu kikubwa kisichopumua, moshi upite kwenye bomba tu."

Senzia akang'oa bomba la mivukuto yake ya kupulizia moto, zana iliyomlisha, akaliunga kwenye pipa la chuma.

Minyaa mingi ilikuwa kwa Mzee Mrindoko: uzio wa zizi lake.

"Kateni, wanangu," akasema. "Uzio huota tena, ng'ombe aliyekufa haoti."

Wakakata, wakakausha juani, wakajaza pipa, wakalifunga, wakawasha moto chini yake. Bomba likapata moto mno, moshi ukapotea bure bila kugeuka mafuta. Nakunda akalimwagia ndoo yake ya mwisho ya maji ili lipoe. Tone. Tone jingine. Kisha mchirizi.

Wakayachuja mafuta yale, wakayatia kwenye injini kuukuu ya pampu, isiyochagua mafuta. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikanguruma. Maji yakaruka! Nakunda alicheka huku akilia.

Lakini alfajiri ya siku hiyo fisi walikuwa wamepita palipokatwa uzio, wakamaliza mbuzi wote wa Mzee Mrindoko.

"Shamba ni dogo, haligawanyiki," akasema mwenyekiti. "Semeni nani anastahili."

"Bila jicho langu, mnyaa ungebaki mnyaa," akasema Nakunda. "Na ndoo ile ilikuwa ya wanangu."

"Wazo halijipiki, dada," akasema Senzia. "Nimeua kazi yangu ili pipa lipumue."

"Mlichopika," akasema Mzee Mrindoko, "ni zizi langu."

Nakunda alimtazama mzee, akatazama udongo ulioloa. Alitaka kusema, "Mpeni yeye." Badala yake akainama, akashika konzi ya udongo ule.

Mwenyekiti alisimama na kigingi cha mpaka mkononi, hajui amkabidhi yupi. Nanyi mliosikia, kama kigingi kile kingekuwa mkononi mwenu, shamba mngempa nani?