Shimo la Kijino Lenye Milango Miwili

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo ngiri walikuwa bado wakialikana harusini, aliishi mtoto wa ngiri aitwaye Kijino. Mwili mdogo, miguu myepesi, akili ya kuwazungusha wakubwa.

Ikafika siku yake ya kuingia shimoni mbele ya wazee. Ndiyo siku mtoto wa ngiri anapoacha kuitwa mtoto.

"Kwetu tunaingia kinyumenyume," alisema Babu Mameno, mzaa baba. "Adui akija akute meno, si makalio!"

"Eboo!" akafoka Mjomba Tifu, kaka wa mama. "Kwetu tunatanguliza kichwa. Anayeingia kwake kinyumenyume ana la kuficha."

"Akitanguliza kichwa, si mjukuu wangu!"

"Akirudi nyuma, asiniite mjomba!"

Kijino aliwapenda wote wawili. Babu ndiye aliyemfundisha kuchimbua viazi mwitu. Mjomba ndiye aliyembeba mgongoni mto ulipofurika. Basi akachimba shimo kwenye kichuguu kipana, mlango mmoja huku, mwingine kule, na kila mzee akaoneshwa mlango wake tu.

"Mjomba, nitazame!"

Shwaa! Akazama, kichwa mbele.

"Wetu huyu! Wetu!" Vigelegele vikapaa.

Kijino akapita chini kwa chini, akachomoza upande wa babu, vumbi tupu.

"We mtoto, ulikuwa wapi?"

"Nafagia ndani, babu."

"Na kelele zile?"

"Kanga hao. Wameona nyoka."

"Haya, ingia basi."

Akageuka, kukurukakara, akaingia kinyumenyume, meno nje.

"Damu yangu!" Babu Mameno akalia machozi. Kijino hakuwa amewahi kumwona akilia.

Akarudi hadi katikati, gizani, akicheka peke yake. Kicheko hakikufika mbali. Machozi yale ya babu yalikuwa ya mjukuu mwingine, ambaye hata yeye Kijino hamjui.

"Toka tukuone, mwanetu!" aliita mjomba.

"Toka tule, mjukuu wangu!" aliita babu.

Kijino akatazama mwanga wa huku, akatazama mwanga wa kule. Nyimbo zikaisha, chakula kikapoa, naye bado ameketi.

Hapo shimoni ndipo ninapomwacha, wanangu: ukimdanganya akupendaye, atampenda mwingine mwenye jina lako.