Utepe Uliofunga Ngazi

Wapendwa, leo nimekuja na hasira, sitaificha. Nisikilizeni.

Kulikuwa na ofisi moja ya ghorofa tano. Wafanyakazi wake walikuwa watu wa kukaa kutwa na kula maandazi. Huyu ana presha, yule ana sukari, mwingine magoti yanamlilia. Daktari akawaambia waache lifti, wapande ngazi. Dawa ya bure kabisa. Si wangeanza kesho yake tu? Aa, wapi. Mkurugenzi akasema jambo kubwa namna hii haliwezi kuanza kienyeji. Ikaundwa kamati, zikachapishwa fulana, akaalikwa mgeni rasmi. Asubuhi ya uzinduzi ngazi zikafungwa utepe mwekundu, na lifti ikazuiwa isitumiwe na mtu, mgeni asije akaisubiri.

Wote walikuwa wameshashuka uwanjani na fulana zao. Juu kabisa, masjala, akabaki mzee mmoja mtunza mafaili na mwenzake. Mzee akashika kifua, akaanguka. Mwenzake akapiga simu chini. Muuguzi aliyeletwa kuwapima watu presha akachukua mkoba wake, akakimbia hadi kwenye ngazi. Mlinzi akamshika mkono.

"Kaka, nipishe. Kuna mtu ameanguka juu."

"Dada yangu, ngazi hazijazinduliwa."

"Basi nifungulie lifti."

"Lifti ni ya mgeni. Mimi nimeagizwa tu, dada, nina watoto."

Muuguzi akamwendea mkurugenzi, anahema. Mkurugenzi akatazama saa yake. "Vumilia kidogo, muuguzi, mgeni yuko njiani. Tukiukata sasa, yeye atakata nini?"

Mnacheka? Chekeni. Yule mzee alikuwa chini sakafuni, jasho linamtoka, akisikia matarumbeta. Watu zaidi ya mia walisimama pale wakiyasikia maneno hayo, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono. Na kilichowazuia si ukuta wala geti la chuma. Ni kitambaa. Hivi tumefika hapo kweli?

Mgeni akafika baada ya dakika arobaini. Akahutubia juu ya afya ya moyo. Akakata utepe, akapigiwa makofi, akaingia kwenye lifti kwenda kunywa chai. Na mtu wa kwanza kuzitumia ngazi zile baada ya uzinduzi alikuwa yule mzee, akishushwa kwenye machela, amefunikwa shuka mpaka usoni. Alibakiza miezi minne astaafu.

Sasa mnamkasirikia mkurugenzi. Naona nyuso zenu. Mama pale mbele anatikisa kichwa. Je, sisi?

Kisima chetu hapo nyuma ya kanisa kimekwisha kuchimbwa, hii ni wiki ya tatu sasa. Maji yapo, nimeyaonja, ni matamu. Kina kufuli. Kwa nini? Tunamsubiri mgeni rasmi, na kamati bado inajadili rangi ya vitenge. Na akina mama wa bondeni wanateka maji ya mtaroni, na wiki hii tumemzika mtoto aliyekufa kwa kuhara. Mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza mazishi, na mimi mwenyewe nilikubali lile kufuli. Mungu anisamehe.

Mzee wa kanisa, ufunguo uko mfukoni mwako. Simama. Ibada hii tutaimalizia kisimani.