Paa Moja Nene

Hapo zamani za kale, mabati hayajajulikana na mvua ikishuka kimya juu ya nyasi, aliishi Paa na mwanawe, Kipusa. Namsema Paa yule wa porini, mwenye miguu minne, si paa la nyumba. Ishikeni vizuri tofauti hiyo, wanangu, maana kuna mmoja hakuishika.

Paa alikuwa mdogo, lakini akili! Mungu alimnyima pembe za maana, akamfidia kichwani.

Shida yake ilikuwa nyumba. Ilivuja! Kila mwaka aliongeza nyasi mpya juu ya nyasi mbovu, tabaka juu ya tabaka, hata paa likawa nene kama godoro, na bado maji yakapita. Ti! Ti! Ti! Masika yaliyopita Kipusa alishikwa na kifua, nusura afe.

"Mama," Kipusa akauliza akitazama mawingu, "mvua ikija nitakohoa tena?"

"Hukohoi tena, mwanangu," akajibu Paa.

Dawa ilikuwa vigae vya mbao, na msitu mzima mwenye nguvu za kupasua magogo alikuwa Fisi. Fundi hodari, sikatai. Ila mlafi! Hata maneno aliyameza bila kutafuna. Badala ya "mbuzi mmoja" husema "mbuzi moja". Msicheke, nawajua wengine humu ndani.

Basi Fisi akaitwa, na jirani yao Mzee Kobe akaitwa awe shahidi. Desturi ya pale, neno lililosemwa mbele ya shahidi halivunjwi. Anayelivunja hufukuzwa msituni. Na Kobe, aliyezaliwa na nyumba mgongoni, hakuwa na sababu ya kumbembeleza fundi yeyote.

"Ujira wako nini, fundi?" akauliza Paa.

Fisi akamtazama kuanzia kwato hadi masikio. Mate yakamdondoka.

"Mimi nataka paa moja nene!"

Kipusa akajificha nyuma ya mama yake. Paa mwenyewe alijua fika anatakiwa nani. Lakini masikio yake yalikuwa yamenasa kitu. Moja? Nene?

"Rudia, fundi, mzee asikie vizuri."

"Paa moja nene! Niseme mara ngapi?"

"Paa... moja... nene," akasema Kobe polepole. "Neno nimeliweka."

"Nimekubali," akasema Paa. "Utapewa masika yakiisha, iwapo ndani hapajaingia hata tone."

Kesho yake Fisi akaleta vigae vyekundu vya kung'aa. Paa akagonga kimoja kwa ukwato. Bu!

"Fundi, huu si msufi uliopakwa udongo mwekundu?"

"Aka! Mvule mtupu!"

"Haya, wewe ndiye mjuzi. Mimi nawaza tu. Msufi huoza, mchwa wanaupenda, nasi tutalowa. Na kulowa ni kukonda, fundi. Ulisema nene, sivyo?"

Fisi akaona mifupa mitupu machoni pake.

"Ngoja! Ngoja kwanza!"

Akatupa msufi wote, akaufuata mvule ndani kabisa msituni. Sikieni shoka: ta! ta! ta! Kila kigae alikigonga mwenyewe, sikio limeinama. Kilicholia ngo! alikichukua, kilicholia bu! alikitupa kwa hasira. Akavipanga kama magamba ya samaki, cha juu kikifunika maungio ya vya chini. Jamani, kazi ilikuwa safi! Na Paa hakumsimamia hata kidogo. Tamaa ndiyo iliyomsimamia.

Kabla ya kuvipanga, Fisi alikuwa ameuliza, "Na nyasi hizi kuukuu?"

"Zishushe zikiwa nzima, uziweke uani. Zina mwenyewe."

Masika yakafika. Pwaaa! Mvua ilipiga usiku na mchana. Ndani, kukavu. Kipusa hakukohoa hata mara moja. Alicheza, akala, akanenepa. Na Fisi kila akipita alichungulia dirishani.

"Hamjambo? Mnakula vizuri?"

"Tunakula, fundi. Ahsante kwa kutujali."

Mvua zilipokatika, Fisi akaja na gunia na kisu, ulimi ukimtoka kwa njaa. Kobe naye akaja, alianza safari mapema.

"Nipe changu!"

"Kiko uani, fundi. Kilikungoja muda wote."

Fisi akazunguka nyuma mbio. Akaona lundo la nyasi, limeoza, linanuka.

"Hiki nini?"

"Paa moja nene," akajibu Paa. "Pima mwenyewe unene wake."

"Nilikutaka wewe! Paa mmoja! Mnene!"

"Ewaa! Leo umesema sawasawa. Ungesema hivyo siku ile, fundi, nisingekubali."

Fisi akamgeukia Kobe. "Mzee, mwambie! Alijua ninachotaka!"

"Yawezekana," akasema Kobe. "Lakini sikupewa nitunze tamaa yako. Nilipewa neno. Mwenye roho ni mmoja. Moja... ni la nyumba."

"Na ulichukue lote, tafadhali," Paa akaongeza. "Uani kwangu pananuka."

Fisi afanye nini? Akajitwika lile paa, maji ya masika bado yamejaa ndani yake. Loo, uzito! Mgongo ukabonyea kwa nyuma, nao haukunyooka tena mpaka leo. Mkimwona anavyotembea, mtajua alibeba nini.

Kipusa akachungulia mlangoni. "Mama, amekwenda?"

"Amekwenda, mwanangu. Ingia ndani, kwetu hakuvuji."

Nami hadithi yangu naiezeka hapa, na kigae cha mwisho ni hiki: anayemeza maneno hulala njaa.