Lango Jekundu la Ndiva

Sogeeni, wa kwenye viti na wa kwenye mkeka. Anayetaka kusinzia akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia eti hakusikia vizuri.

Katika kijiji cha Ndivani, huko milimani kwa walima tangawizi, walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Bibi Namche, na kipaji chake kilikuwa kukaa. Msicheke. Wanaojua kuja msibani, kusema pole, kunywa chai na kuondoka ni wengi. Bibi Namche alijua kukaa. Wa pili ni Elishilia, nesi wa zahanati, ambaye kipaji chake kilikuwa kuuliza. Aliuliza swali moja, kisha akanyamaza mpaka jibu litoke lenyewe. Wa tatu ni Senzia, fundi wa kuezeka nyumba, na yeye alijaliwa ubishi. Jambo lisipomwingia akilini hakuliachia, hata kama kijiji kizima kimeshalikubali.

Katikati yao alikuwepo Nakiete, ambaye siku hizo hakuwa na kipaji chochote isipokuwa hasira. Bibi Namche ni mama mkwe wake. Senzia ni kaka yake. Nesi alikuja kumjua baadaye, kwa shida. Mume wa Nakiete alikuwa kazini migodini, akaja kuzika, akarudi migodini. Ndiyo, kuzika. Subirini.

Ndiva, kwa wasioijua, ni bwawa lililochimbwa kwa mikono ya wazee wetu. Usiku linakusanya maji ya mlimani, asubuhi mlinzi anazibua kizibo, na maji yanashuka kwenye mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva ya kijiji hiki ilikuwa na uzio wa miti na lango lililopakwa rangi nyekundu, ili watoto wasiingie. Mlinzi wake alikuwa Mzee Mrutu, mtu wa maneno mengi na mbuzi wengi.

Siku moja mchana Nakiete alikuwa shambani. Nyumbani alimwacha binti yake Namkunda, mwanafunzi wa darasa la tatu, amwangalie mdogo wake Mbonea aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia. Mbonea alikimbia kama kawaida yake, akicheka, na Namkunda akamfuata. Walipofika ndivani hapakuwa na lango la kumzuia mtoto. Namkunda alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu walipofika, Mbonea alikuwa ameshakwenda na maji.

Nakiete alikuja mbio na jembe bado mkononi. Akamshika binti yake mabegani, akamtikisa, akamwuliza mbele ya watu, "Ulikuwa wapi wewe? Kwa nini hukumshika?"

Sikilizeni vizuri swali hilo, tutakutana nalo tena.

Msibani, watu wakiwa wameketi uani, mtu mmoja aliuliza mbona lango la ndiva halipo. Mzee Mrutu akasimama, akavua kofia, akasema kwa huzuni ya kupendeza, "Jamani, sikutaka kulisema leo. Huyu mtoto wa kike aliling'ang'ania lango akibembea nalo mpaka likang'oka. Limezama." Watu wakageuka wote wakamtazama Namkunda, na Namkunda akaitazama mikono yake.

Tangu siku ile hakusema tena. Alikula kidogo, kisha hakula. Alikojoa kitandani, yeye aliyekwisha kuacha zamani. Aling'oa nywele zake moja moja na kuuma ukosi wa sare mpaka ukachanika. Shuleni watoto walimtungia wimbo kwamba kamzamisha nduguye, wakauimba wakiruka kamba. Ni Elineema tu, binti wa Mzee Mrutu aliyekaa naye dawati moja, ambaye hakuimba. Nakiete alipousikia wimbo ule alirudi nyumbani akavunja chungu. Alitaka kuvunja mtu, lakini hakujua bado avunje nani.

Majirani walijua tiba. Walisema mtoto ameingiwa, wakamwita mtu wa ng'ambo ya mlima anayetoa pepo kwa moshi na fimbo. Alikuja na fimbo zake zimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Bibi Namche alitoa kigoda, akakiweka katikati ya mlango, akakaa, na mchi wa kinu mapajani.

"Bibi, tupishe tumsaidie mtoto," wakamwambia.

"Msaidieni. Fimbo ya kwanza nipigeni mimi, tuone pepo atatoka wapi."

Hakuna aliyethubutu. Yule mtu alikunywa uji akaondoka. Lakini Bibi Namche hakuondoka pale alipokaa. Kila siku aliweka ungo wa maharage kati yake na mjukuu wake, wakamenya, na hakumwuliza neno hata moja. Usiku alilala naye. Godoro likilowa, alilitoa juani mwenyewe na kuwaambia wapita njia, "Nimemwaga chai, uzee huu!" Kwa namna alivyomwaga chai mwaka ule, mngedhani ana hoteli. Namkunda alianza kula, kwanza kutoka kwenye kiganja cha bibi yake, kisha kwenye sahani.

Kula alikula, lakini kusema hakusema. Ndipo Nakiete akambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akampeleka zahanati.

"Mchome sindano aseme," akamwambia nesi.

Elishilia alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Mama Namkunda, mtoto huyu anaumwa. Hana pepo, wala si mkaidi. Moyo na akili navyo huumia kama mguu unavyovunjika, na watoto huumia zaidi kwa sababu hawana maneno ya kusema panapouma. Nitamwandikia aonwe hospitali ya wilaya, na hapa utamleta kila wiki. Ila nikuulize. Siku ile, neno la kwanza ulilomwambia lilikuwa lipi?"

Akanyamaza. Nakiete alitazama dirisha. Akatazama mizani ya watoto wachanga. Akataka kuondoka, akashindwa kuinuka.

"Nilimwuliza kwa nini hakumshika," akasema mwishowe, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishini.

"Basi hilo ndilo alilolimeza," alisema nesi, bila ukali. "Hukujua ulichokuwa unafanya, ulikuwa umefiwa. Sasa mpe lingine. Kila asubuhi ukimchana nywele mwambie si kosa lako. Asipojibu, mwambie tena."

Wakafanya hivyo. Nesi alicheza naye bao la kokoto kila wiki, akimwuliza na kusubiri, na mtoto akaanza kujibu kwa kichwa. Alikwenda pia shuleni, akaongea na walimu, na wimbo ule ukakoma. Lakini kila Nakiete aliposema "si kosa lako", Namkunda aliitazama mikono yake. Mtu mzima alikuwa amesema mbele ya kijiji kizima kwamba mikono ile iling'oa lango, na mtoto alikuwa ameshaamini.

Hapo ndipo ubishi wa Senzia ulipofaa. Alikuwa juu ya paa akigongomea mbao, moja ikamponyoka ikaangukia kwenye pipa la maji. Akaitazama inaelea. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

"Nakiete, tangu lini mbao inazama?"

Aliingia kila ua wa kijiji kile akilitafuta lango. Walimcheka, wengine wakamtukana, naye akawa anabisha hodi nyumba inayofuata. Kwenye banda jipya la mbuzi la Mzee Mrutu aliinama, akakwangua samadi kwa kisigino, na rangi nyekundu ikaonekana. Mlinzi wa ndiva alikuwa ameling'oa lango mwenyewe, siku moja kabla ya msiba, akalifanya sakafu ya mbuzi wake.

Senzia alilibeba kichwani mchana kweupe, likidondosha samadi mabegani, akapita nalo katikati ya kijiji mpaka uani kwa dada yake. Bibi alikuwa kwenye kigoda. Nesi alikuwa amekuja kumwona mtoto. Senzia akalitua miguuni pa Namkunda.

"Lango hili hapa, mwanangu. Lilikuwa kwa mbuzi. Wewe ungeng'oa nini?"

Namkunda aliligusa. Akaigusa rangi.

"Halikuwepo," akasema. "Mama, halikuwepo."

Nakiete alimkumbatia mtoto wake mpaka nesi akamwambia amwachie apumue. Lakini siwafichi. Furaha ile ilikaa moyoni mwake muda mfupi sana, kisha ikasogea, ikaipisha hasira iketi. Sasa alijua amvunje nani. Alitamani kumwona Mzee Mrutu akigaagaa kwenye tope lile lile. Alitamani tangawizi yake ioze, mbuzi wake wafe, jina lake lisipewe mtoto yeyote. Alipopita mbele ya nyumba yake alitema mate, na alipolala aliyafikiria hayo kwa utamu, kama mtu anayekula muwa.

Wanakijiji wote wakaitwa kukutana kwenye ndiva. Mzee Mrutu, lango likiwa mbele yake, hakuwa na pa kukimbilia. Alikiri akitazama chini. "Niliogopa," alisema, basi.

Sasa, desturi ya Ndivani ni hii. Aliyetendewa ubaya hatamki adhabu, kwa kuwa hasira itamfanya apitilize. Anayetamka ni yule aliyemwinua aliyeanguka. Mmoja tu, na adhabu moja, na mkutano hauwezi kuipunguza. Mpaka itamkwe, kizibo cha ndiva hakizibuliwi, na hakuna anayemwagilia.

"Nani alimwinua mtoto huyu?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Mimi," alisema Bibi Namche. "Nisingekaa mlangoni, angepigwa mpaka akamfuata nduguye. Na nikitamka, nitasema hivi: nyumba ya Mrutu isisalimiwe. Wasibishiwe hodi, wasiulizwe hali. Akifa, wamzike wa nyumbani kwake peke yao. Nimekaa na mtoto aliyenyamazishwa. Na yeye akae ndani ya kimya hicho, akijue."

"Bibi, nakuheshimu," alisema Elishilia, akiinuka. "Lakini mtoto angekula na kunenepa bila kurudi kwetu. Aliyeutafuta ugonjwa mahali ulipojificha ni mimi. Na mimi nataka asimame hapa, mbele ya kila mtoto aliyeimba wimbo ule, aseme kwa kinywa chake: mtoto alikufa kwa sababu yangu, nikamtwisha dada yake. Aseme kila asubuhi ya maji, msimu mzima. Wanawe pia wasimame wasikie."

"Nyote mlifanya kazi," alisema Senzia. "Lakini alisema lini? Alisema nilipomletea lango. Mimi natamka akatiwe maji. Mfereji wake uzibwe kwa mawe mpaka tangawizi yake ikauke mizizi. Maji ndiyo aliyoyachezea."

Nakiete alimtazama kaka yake kwa shukrani. Hilo ndilo alilolitaka, akalitaka kwa mwili mzima. "Mpeni Senzia!" alipiga kelele. Wengine wakaitikia Senzia, wengine Bibi, wengine nesi, na mabishano yakapanda.

Nakiete akageuka amtazame adui yake, amwone anavyotetemeka. Badala yake alimwona mtoto aliyesimama nyuma ya adui yake. Elineema alikuwa ameuma ukosi wa sare yake. Haukuwa na pindo tena, ulikuwa nyuzi tupu. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Nakiete alitamani asingeona. Aligeuza shingo, akamtazama Mrutu tena, akajitahidi kumchukia kama mwanzo, na aliweza. Lakini ukosi ule haukumtoka machoni.

Mwenyekiti, amechoshwa na kelele, akainama kwa Namkunda. "Wewe hutamki, binti yangu, desturi haikuruhusu. Lakini tuambie tu, unataka nini?"

Watu wakanyamaza. Nesi akanyamaza kuliko wote.

"Nataka alie," alisema Namkunda, akimwonyesha Mzee Mrutu kwa kidole.

Moyo wa Nakiete ulipiga vigelegele. Lakini mtoto alikuwa hajamaliza.

"Elineema asilie."

Mwenyekiti akamtazama Bibi Namche, ambaye adhabu yake ingeifungia nyumba nzima salamu. Akamtazama nesi, ambaye angemsimamisha Elineema asikilize aibu ya baba yake kila asubuhi ya maji. Akamtazama Senzia, ambaye angekausha shamba linalomlisha Elineema. Hakuna kati yao aliyemrudishia macho. Na maji yalikuwa yamejaa ndivani, yanafika ukingoni, na tangawizi ya kijiji kizima ilikuwa inasubiri.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Mmoja alikaa, mmoja aliuliza, mmoja alibisha, na bila yeyote kati yao mtoto angekuwa kimya mpaka leo. Haya, wewe uliyekaa hapo, ungempa nani haki ya kutamka? Na kama ni wewe uliyepewa, ungemliza vipi yule mzee, Elineema asilie?

Jibu, lakini kwa sauti ya chini. Elineema anasikia.