Nguchiro na Pambano la Marudiano

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walioa, walipika na kubishana barazani kama sisi, paliondokea Nguchiro mmoja, mpiganaji.

Sogeeni karibu. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nguchiro huyo alikuwa mdogo, kimo chake hakikuzidi goti la nyani. Lakini alikuwa mwepesi! Ukirusha ngumi, hayupo. Ukirusha teke, yuko mgongoni kwako. Na huko kwao walikuwa na mchezo uitwao mapigano huria. Ngumi ruksa, teke ruksa, kubwagana ruksa, kukabana koo ruksa. Meno tu ndiyo marufuku. Aliyezidiwa alipiga ardhi kwa mkono mara tatu, pa! pa! pa! Mwamuzi akasimamisha pambano, na huyo aliyepiga akahesabiwa ameshindwa.

Nguchiro alishinda mara kumi na moja mfululizo. Akavishwa mkanda wa ubingwa, akapewa na nyumba ya kichuguu karibu na chemchemi. Akaishi humo na mkewe, Bi Sikitu, na watoto wao wanne.

Kisha akaja Nyani.

Nyani alikuwa na mikono mirefu na kifua kama ngoma ya harusi. Pambano halikudumu hata muda wa kuchemsha uji. Nguchiro aliruka kushoto, Nyani akamdaka mguu hewani. Kacha! Akambwaga chini, puu! Akamlalia mgongoni, akapitisha mkono shingoni, akakaza.

Nguchiro akapiga ardhi. Pa! Pa! Pa!

Mwamuzi alikuwa Korongo, na wakati huo Korongo alikuwa amegeuza shingo yake ndefu akiwatazama mashabiki wanaopiga vigelegele. Hakuona.

Pa! Pa! Pa!

Nyani alisikia. Alisikia vizuri sana. Akainamisha mdomo mpaka sikioni kwa Nguchiro, akanong'ona, "Piga tu, mdogo wangu. Piga mpaka uchoke."

Macho ya Nguchiro yakaingia giza.

Alizinduka siku ya tatu, yuko kitandani kwake, shingo imevimba kama boga. Uvimbe ulipungua. Hofu haikupungua. Mwiko ukianguka jikoni, ko!, yeye hujishika koo. Mlango ukigongwa, huingia mvunguni. Siku moja bintiye mdogo alimjia kwa nyuma kwa furaha, akamkumbatia shingoni. Nguchiro alipiga ukelele, akamtupa yule mtoto hadi ukutani.

"Baba, ni mimi!" mtoto akalia. "Ni mimi, baba!"

Nguchiro alikaa chini, asiweze hata kumwinua.

Baada ya wiki mbili mwalimu wake wa ngumi, mzee Kicheche, alikuja kumjulia hali.

"Mwalimu," Nguchiro akamwuliza, "mbele yangu kukoje?"

"Nikubembeleze au nikwambie?"

"Niambie."

"Hamna kitu. Shingo itapona, lakini hapo mlangoni nimekurushia ngumi ya mzaha, nawe umefumba macho. Mpiganaji anayefumba macho anasubiri sanda tu."

"Basi niache mchezo?"

Kicheche akashusha pumzi. "Hilo siwezi kulijibu mimi. Nyati anakuita."

Nyati ndiye aliyekuwa mkuu wa uwanja na wa nyumba zote za chemchemi. Nguchiro alimkuta amesimama, pembe zake pana kama upinde, na Korongo pembeni yake.

"Kanuni unaijua," Nyati akanguruma. "Aliyenyang'anywa mkanda hupewa pambano moja la marudiano, mwezi uandamapo, na hilo ndilo la mwisho kati yao. Akikataa, au akishindwa tena, yeye na jamaa zake wanahama chemchemi. Wanakwenda kukaa ng'ambo, Bonde la Chatu."

Nguchiro alilijua bonde hilo. Mwaka uliopita sungura wanane walihamia Bonde la Chatu, mama na baba na watoto sita. Baada ya siku nne lilionekana kapu lao tu, limeelea mtoni.

"Bwana Mkubwa," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nilipiga ardhi. Mara tatu, na tatu tena. Mwamuzi hakuona."

Nyati akamgeukia Korongo. "Ni kweli?"

Korongo akameza mate, na lile funda likaonekana likishuka shingo nzima, polepole. "Nili... niligeuka kidogo tu, Bwana Mkubwa."

"Safari hii ukigeuka, nitakunyonyoa unyoya mmoja mmoja!"

"Sigeuki! Nitatazama mikono tu! Kengele ikishalia, nikiona mkono umepiga ardhi mara tatu, kwisha! Sitauliza la kwa nini wala la kwa vipi!"

Habari hiyo ilimfikia Nyani kabla jua halijafika utosini. Akamngoja Nguchiro njia ya chemchemini. Nguchiro alipomwona, alikuwa ameshachelewa kukimbia.

Nyani akamshika sikio, taratibu, kama mtu anayechuma tunda. "Umenishtaki? Haya. Korongo atatazama mikono. Basi mimi nitaanza kuishika hiyo mikono yako yote miwili. Halafu ndipo nikukabe. Utapiga ardhi kwa nini, mdogo wangu? Kwa pua?"

Meno ya Nguchiro yalikuwa yakigongana, ka-ka-ka-ka.

Hapo Bi Paa, jirani yao, alikuwa ameinama chemchemini akichota maji kwa kata. Nyani akamtupia jicho. Mara akaliachia sikio la Nguchiro.

"Siyo hivyo, Bi Paa! Unayatibua! Nani amekufunza kuchota maji?"

"Nachota hivi tangu nizaliwe, Bwana Nyani."

"Basi umekosea tangu uzaliwe! Lete kata. Lete, lete! Tazama. Unailaza hivi, unaizamisha hivi, unainua hivi. Umeona? Hebu tazama tena!"

Nguchiro alipata nafasi akatimua mbio. Lakini alipofika kwenye kona ya njia, miguu yake ikasimama. Akageuka. Nyani alikuwa bado ameinama juu ya maji, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, huku Bi Paa amejishika kiuno amechoka. Nyani alikuwa amesahau kabisa kwamba alikuwa na sikio la mtu mkononi.

Nyumbani Bi Sikitu alikuwa akisonga ugali.

"Tukimbie," akasema alipomwona mumewe alivyo.

"Tukimbilie wapi? Huku kuna Nyani, kule kuna Chatu. Mke wangu, naogopa. Naogopa mpaka kwenye kucha."

"Na mimi naogopa," Bi Sikitu akasema. Hakuacha kusonga, ila machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. "Basi tuogope. Lakini tuogope huku tunafikiri."

Nguchiro akasogea, akamnong'oneza maneno machache. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Na asipokubali?"

"Asipokubali," Nguchiro akasema, "nyinyi mtahamia Bonde la Chatu. Mimi nitakuwa nimeshazikwa."

Mwezi ukaandama. Siku ya pambano wanyama wote wakafurika uwanjani, wakubwa wamekaa mbele, wadogo wamepanda juu ya miti. Nyani akaingia akijipiga kifua, du! du! du! Nguchiro akaingia akijikokota. Msidhani alikuwa akiigiza, wanangu. Kooni alihisi kwelikweli ule mkono wa Nyani kana kwamba haukuwahi kutoka. Bi Sikitu alikuwa amekaa na watoto wanne mapajani, amewafunika macho kwa upande wa kanga yake.

Korongo akasimama katikati, shingo imenyooka, macho hayapepesi. "Ngumi ruksa! Teke ruksa! Kukaba ruksa! Meno marufuku! Atakayepiga ardhi mara tatu ameshindwa!"

Ngo! Kengele ikalia.

Nyani akaja, mikono yote miwili mbele, anakunja na kukunjua vidole. Nguchiro akarudi nyuma. Nyani akaja. Nguchiro akarudi nyuma tena, mpaka mgongo ukagusa kamba iliyozungushiwa uwanja. Pa kurudi hapakuwepo tena.

"Bwana Nyani!" akalia. "Ngoja! Kabla hujanikaba, nina swali!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyani akacheka pia. "Uliza, marehemu."

"Mara ile nilipiga ardhi, lakini mwamuzi hakuona. Nimekaa nikafikiri, nikaona labda nilikosea mimi. Labda sijui kupiga. Ni hivi?" Akainama, akakwaruza udongo kwa ncha za vidole. Kwaru, kwaru.

"Hahaha! Huko ni kusugua sufuria, siyo kupiga!"

"Kumbe! Basi ni hivi?" Akajipiga paja lake mwenyewe. Pa! Pa! Pa!

Wanyama wakabingirika kwa kicheko. Nyani hakucheka. Alikunja uso, kama fundi anayemtazama mwanafunzi akipotosha kazi.

"Ardhi, mpumbavu wewe! Ardhi, siyo paja!"

"Ahaa! Hivi?" Nguchiro akageuza mkono, akagonga ardhi kwa mgongo wa kiganja. Pa. Shingo ya Korongo ikarefuka. Pa. Korongo akashika kamba ya kengele. Bi Sikitu akafumba macho yake mwenyewe.

Nguchiro akauacha mkono hewani. Jasho lilimdondoka puani, to, to.

"Na hapa ndipo nisipojua," akasema. "Natumia mgongo wa mkono au tumbo la mkono?"

"Mgongo?" Nyani akafoka. "Nani hupiga kwa mgongo wa mkono? Nani alikufunza wewe?"

"Mwalimu Kicheche."

"Kicheche hajui kitu!" Huko nyuma mzee Kicheche akajifunika uso. "Ondoa hicho kimkono chako hapo! Sogea! Tazama kwa mtu anayejua!"

Nyani akapiga goti moja chini. Nguchiro alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Mkono mmoja tu ungenyooshwa, habari yake ingekwisha. Hakusogea.

"Unakunjua kiganja chote, vidole mbali mbali," Nyani akasema. "Unainua mkono mpaka begani. Halafu, pa! Hiyo moja. Umeona?"

"Nimeona moja, bwana wangu."

"Pa! Hiyo ya pili. Sauti yake nzito, umesikia? Siyo kama yako ya kuku."

Mkono wa Nyani ukapanda kwa mara ya tatu. Ukafika begani. Ukasimama.

Nyani akamtazama Nguchiro. Macho yake yakafinyika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Nguchiro akajua kwamba akitabasamu amekufa, akikimbia amekufa, akikohoa amekufa.

"Nimeelewa, bwana wangu," akasema, sauti nyembamba kama uzi. "Ni mara mbili."

"Mara TATU!" Nyani akapiga kelele. "Tatu, zuzu wewe! Tatu!"

PA!

Ngo! Ngo! Ngo! Ngo!

"Kwisha!" Korongo akapaza sauti, mbawa juu. "Nyani amepiga ardhi mara tatu! Nyani ameshindwa!"

Kelele zikapasuka hata ndege wakaruka kutoka mitini.

"Nini?" Nyani akaruka wima. "Nilikuwa namfundisha! Nilikuwa namfundisha huyu!"

"Mimi natazama mikono tu," Korongo akasema, tayari amejificha nyuma ya Nyati. "Sikuambiwa nitazame nia."

Nyati akainuka. Neno lake moja lingeweza kulivunja jambo lote.

"Kengele ilikuwa imelia?" Nyati akauliza.

"Ilikuwa imelia," Nyani akajibu, "lakini..."

"Mkono uliopiga ni wa nani?"

"Wangu, lakini..."

"Umepiga mara ngapi?"

Nyani akamrukia Nguchiro kwa hasira, mikono wazi, lakini Nyati akashusha pembe kati yao, naye akagonga kifua chake hapo, bu!, akaanguka matako. Watoto mitini wakashangilia.

Nguchiro akavishwa mkanda. Ulikuwa umelegezwa kwa kiuno cha Nyani, ukamshuka hadi magotini.

"Bingwa!" Nyati akatangaza. "Na mpinzani wako ajaye ni nani? Chagua mwenyewe."

Nguchiro akauvua mkanda, akaulaza chini taratibu. "Hakuna, Bwana Mkubwa. Naacha leo."

"Bingwa anaacha?"

"Bingwa tu ndiye anayeweza kuacha. Aliyeshindwa hufukuzwa."

Nyati akatikisa kichwa, asijue acheke au akasirike. Ila kanuni haikuwa na la kusema juu ya bingwa aliyetaka kupumzika, na nyumba ya kichuguu ikabaki kuwa yake.

Nguchiro akaondoka uwanjani na mkewe na wanawe. Alikuwa akitazama nyuma kila baada ya hatua chache. Bintiye mdogo akataka kumshika shingo, akakumbuka, akamshika mkono badala yake.

Basi, wanangu, shikeni hili: anayeogopa hufikiri mara mbili, na anayejivuna hafikiri hata mara moja.